Nilimficha Mama Mkwe kwa Herufi L

Kiberiti kilikwaruza gizani. Mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu moto ukashika, na mtu akashusha pumzi.

Alikuwa mama mkwe. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, saa kumi na moja alfajiri, Kitale ikiwa baridi ya kuuma masikio, naye alikuwa ameamka kunipikia chai ya kuendea kazini. Mimi, ambaye kwa wiki nne nzima nilikuwa nimebeba siri yake kifuani kama mtu aliyemeza mfupa.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, nikufupishie ungamo langu.

Naitwa Zaitun. Mtoto wangu ni mmoja, Shamira, ana miaka mitano. Kompyuta na utunzaji wa kumbukumbu nilisomea darasa la jioni, mtoto nikimwacha kwa jirani, na cheti nilipokipata nilikilaza kwenye bahasha kama nguo ya Idi. Kikanipatia kazi ya kibarua kwa Wakili Kimotho, mwenye ofisi mbili, Kitale na Bungoma. Nilipewa faili za miaka thelathini nizipige skani, niandike majina, ziingie kwenye mtambo mpya wa kutafuta. Unaandika jina la mtu, mtambo unakuletea kila karatasi ambayo ofisi imewahi kushika juu yake. Sisi wafanyakazi tuliupa jina Shangazi, maana unajua mambo ya kila boma na haujui kunyamaza.

Ndipo nikakutana na faili ya mwaka 1994 kutoka Bungoma. Mama mkwe wangu alikuwa ameapa mbele ya marehemu Wakili Mbugua, aliyeanzisha ofisi ile, kwamba mwanawe Derrick hakuzaliwa na mumewe, mzee Sirengo wa Chwele. Alizaliwa na mtu wa Webuye aliyekwenda zake na asirudi.

Derrick ni mume wangu.

Ofisini hawajui. Derrick alisilimu kabla ya nikaha akaitwa Abdihakim, na kwenye fomu zangu ndivyo nilivyomwandika. Aliyebaki kumwita Derrick ni mama yake, na mimi tukiwa peke yetu.

Mzee Sirengo alizikwa mwaka jana. Ndugu yake, Wekoye, alikuja kwa Kimotho akitaka zile ekari nne za Chwele ambako mama mkwe analima na kuishi. Nikajua siku moja mtu ataandika "Sirengo" kwenye ule mtambo. Kuiruka ile faili sikuweza, kwa sababu zote zilikuwa na namba na Mary Ann, msimamizi wetu, alikuwa anazihesabu. Basi nikaiandika kwa L. Silengo.

Sisi watu wa Bungoma L na R zinatuteleza mdomoni, na ofisi nzima ilikuwa inanicheka kila siku kwa hilo. Nilijificha ndani ya kicheko chao. Kimotho alipotafuta "Sirengo" kuona kama ofisi imewahi kumhudumia mtu wa jina hilo, Shangazi akajibu: hakuna. Usiku ule nilimbusu mtoto wangu mpaka akaniuliza kama nasafiri.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee.

"Zaitun," mama mkwe aliniita kutoka kwenye jiko. Alikuwa amekuja kutoka Chwele Jumapili, kwa sababu kesi ilikuwa Alhamisi kortini Bungoma, na Wekoye alikuwa ameanza kupitisha ng'ombe wake kwenye mahindi yake. "Kesho hakimu akiniuriza, nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, Mama."

"Ukweri gani? Iko mingi."

Yeye akacheka kidogo, akaniongezea maziwa.

"Kunywa chai. Usichelewe kwa hiyo ofisi yako ya makalatasi."

Hakujua kwamba wakili wa Wekoye ndiye bosi wangu. Nilimwambia nafanya kazi ya kupanga makaratasi, naye akatosheka. Alikuwa anajivuna kwa majirani kwamba mkaza mwana wake anabonyeza kompyuta.

Ofisini nilimkuta Kibe, kijana aliyetuletea mtambo kutoka Eldoret. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, ametabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Niaje, madam Zai. Ile shida yako nimeimaliza."

"Shida gani?"

"Si hayo majina yenu, bana. Nimepitia orodha yote. Naona Balasa, naona Barasa. Lusweti, Rusweti. Nikasema hawa watu watamuua huyu dada na kicheko. Sasa nimeiambia mashine L na R ni ndugu wa tumbo moja. Ukiita mmoja, wanakuja wote wawili."

Nilitupia macho kioo cha mashine nyuma yake.

"Ni wema nimekufanyia," akasema, safari hii bila kutabasamu sana. "Ama?"

"Asante, Kibe."

Alipoinuka nilirukia mashine. Niliita Sirengo. Zikaja mbili. Moja ya Wekoye, ya mwaka huu. Nyingine ile yangu.

Nikabonyeza kufuta. Ikaniuliza neno la siri la msimamizi.

Nikabonyeza kubadilisha jina. Ikaniuliza neno la siri la msimamizi.

"Zaitun." Mary Ann alikuwa mlangoni, miwani juu ya paji la uso. "Unaharibu nini tena huko? Njoo mkutanoni. Bosi anataka wewe ndiye uonyeshe. Na ulete rula. Ama kwenu ni lula?"

Wote waliocheka walikuwa watu ambao nilikuwa nikiwapikia chai.

Chumba cha mkutano kilijaa. Ofisi ya Bungoma nayo ilikuwa imekuja. Wakili Cherono, mwanamke kijana aliyeajiriwa mwaka huu, alikuwa ameketi pembeni na daftari lake. Na kwenye kiti cha heshima, kando ya Kimotho, kofia gotini, alikuwa Wekoye.

Huyu mzee hanijui. Harusi yangu hakuja, alisema hawezi kula kwa Waislamu. Nilimjua kwa picha za mazishi.

"Mzee wangu," Kimotho alimwambia, "wakili wa zamani alikuwa anaweka kesi yako kichwani. Akifa, imekufa. Sasa ofisi yangu haifi. Taja jina lolote, huyu msichana atakuletea mbele yako."

"Lolote?"

"Lolote."

Wekoye akafikiri. "Basi nitafute mimi."

Niliandika. Ukutani, kwa mwanga wa projekta, ikatokea kesi ya mwaka 2011, fahali wake alipoingia kwenye kabichi za kanisa. Chumba kizima kikacheka, yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho na kofia.

"Hii kitu ni mchawi," akasema. "Haya. Tafuta ndugu yangu. Silengo."

Aliitamka hivyo hivyo, kwa L. Ulimi wa nyumbani.

Vidole vyangu vilikaa juu ya herufi. Kimotho akagonga meza kwa kalamu.

"Zaitun, mzee anangoja."

Nikaandika. Zikaja mbili.

"Hii ya pili ni nini?" Kimotho akauliza. "Silengo, 1994, Bungoma. Mbona sikuiona mwezi uliopita?"

"Ni mtu mwingine, bosi," nikasema. "Hao Silengo ni wengi huko."

"Fungua."

"Ni ya mtu mwingine kabisa. Naona hata mashine imekwama."

Mary Ann hakungoja. Alipitisha mkono wake mbele ya kifua changu, akabonyeza.

Ukurasa ukajaa ukuta mzima. Karatasi ya zamani, ya rangi ya chai, mihuri ya Mbugua, na jina la mama mkwe wangu kwa herufi kubwa. Mary Ann ana sauti nzuri, huwa anasoma matangazo kanisani. Aliisoma yote bila kuulizwa. Alipofika kwenye neno "Webuye" alipunguza mwendo, kama anayenyonya peremende.

Alipomaliza, Wekoye alivaa kofia yake.

"Nilimchinjia ng'ombe akitahiriwa," akasema. "Nikaimba mpaka sauti ikakauka siku tatu. Kumbe naimbia kijana ya wenyewe."

Akaanza kucheka. Wengine, kwa kuwa mteja anacheka, wakacheka naye.

Cherono peke yake alisimama. "Bosi, huyu mama alikuwa mteja wetu. Alisema haya kwa wakili wake. Hatuwezi kuyatumia, na kwa kweli hatufai hata kushika hii kesi."

"Alikuwa mteja wa Mbugua. Mbugua amezikwa."

"Ofisi ni ile ile. Na tena, mtoto aliyelelewa na marehemu kama wake ni wake. Sheria iko wazi."

"Cherono, sheria nilikufundisha mimi." Kimotho hakupandisha sauti. Hajawahi kuipandisha. "Hii karatasi haiendi kwa hakimu. Kesho asubuhi nitaketi na huyo mama kwenye benchi la nje ya korti. Nitamsomea pole pole. Halafu nitamwuliza kama angependa mtoto wake ayasikie haya kutoka kwangu, ama atie sahihi ya kuachia shamba aende nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Cherono akauliza.

"Hiyo si kazi yetu."

Cherono akafunga daftari. Akaketi. Nilimngojea aseme neno lingine, na sitamlaumu kwa kutolisema, maana mimi niliyekuwa nyumba moja na huyo mama sikuwa nimesema hata moja.

Kisha Kimotho akanigeukia.

"Huyu msichana mnamcheka kila siku," akawaambia. "Kumbe ni kwa hizo L na R zake Kibe aliigusa mashine, na leo tuna hii kitu. Zaitun, kibarua kimeisha. Kuanzia mwezi ujao umeandikwa. Mary Ann atakupa barua."

Wakapiga makofi. Wekoye naye akapiga, akaniambia, "Mungu akubariki, mayi," yaani mama, kwa lugha ya nyumbani.

Nimeahidi kuungama, basi hili nalo liandikwe. Kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Niliona Shamira akiwa na sare ya shule. Niliona nyumba yenye choo chake. Pumzi ya pili ndiyo iliyonikumbusha nilichopigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya nyumba. Barua ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, Shamira katikati ya magoti yake, anamsuka. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Mtoto, ambaye bibi yake humwita Kukhu, alikuwa ameshika kitana na anahesabu mistari kwa sauti ya chini.

"Umerudi mapema," mama mkwe akasema. "Leo hawakukutesa?"

Nilitaka kungoja. Lakini kesho ilikuwa kesho. Derrick alikuwa ametoka Lwakhakha na mzigo wa vitunguu na angefika wakati wowote. Niliketi chini mbele yake, tukazungumza juu ya kichwa cha mtoto, kama watu wazima tunavyofanya, kana kwamba mtoto ni meza.

"Mama, mimi nafanya kazi kwa Kimotho."

Mkono wake ulisimama. Kisha ukaendelea kusuka.

"Kimotho wa Wekoye."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kesi. Ofisi yake ndiyo ile ya Mbugua. Na nimeiona karatasi yako, Mama. Ya mwaka tisini na nne. Nilijaribu kuificha. Leo wameipata. Wekoye amesomewa."

Nilimweleza yote. Herufi, Kibe, ukuta, benchi la nje, kalamu. Sikumweleza juu ya barua.

Nilitarajia apige kelele. Nilitarajia anipige, na ningetulia. Badala yake akavuta mafuta, akapaka mstari kwenye kichwa cha mjukuu wake, na uso wake ukawa mwepesi kabisa.

"Basi hiyo ndiyo inakuliza?" akasema. "Sikia, Zaitun. Mimi sikuenda kwa Mbugua peke yangu. Nilienda na mzee."

"Mzee Sirengo?"

"Yeye ndiye alinipereka. Arijua kila kitu kabla hajaniowa. Alisema, hawa ndugu zangu ni fisi, siku nikifa watakurukia na huyo mtoto. Twende tuandike. Mimi nikaandika yangu, na yeye akaandika yake. Kwamba Derrick ni wake, amemchukua mbele ya Mungu, na shamba ni yake na mama yake, na ndugu asiguse. Akatia kidole gumba. Wekoye asome hiyo nayo, acheke tena."

Moyo wangu ulipiga mara moja, kwa nguvu, kwa tumaini. Mimi ni mtu wa tumaini, ni ugonjwa wangu.

"Hiyo yake iko wapi, Mama? Ile faili ilikuwa na karatasi moja tu."

"Ni hiyo hiyo moja."

"Hiyo hiyo?"

"Kalatasi za stempu zilikuwa ghali, Mbugua akasema andikeni yote kwa moja. Yangu mbele. Yake nyuma." Aliniangalia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kiatu. "Nyuma ya kalatasi, Zaitun. Si ulipindua?"

Ndugu msomaji, sikupindua.

Siku ile Mary Ann alikuwa anakuja, nami nikafanya haraka. Nililaza karatasi, nikapiga upande mmoja, nikaandika Silengo, nikaitupa kwenye sanduku la zilizokwisha. Faili elfu mbili nilizigeuza kurasa zote, mbele na nyuma, kama nilivyofundishwa. Hiyo moja ndiyo sikuigeuza, kwa sababu hiyo moja ilikuwa ya mtu ninayempenda.

"Karatasi yenyewe bado iko," mama mkwe akasema. "Si mnaziweka?"

"Zilizopigwa skani zilichomwa, Mama."

"Lini?"

"Ijumaa ya wiki jana. Nyuma ya ofisi yetu. Bosi alitaka chumba."

"Nani alichoma?"

"Mlinzi."

"Nani alimpa?"

Orodha ya kuchomwa huwa ina sahihi ya aliyeiandaa. Aliona jibu usoni mwangu, akalisoma kama Mary Ann alivyosoma ukuta, mpaka mwisho.

Hakulia. Alichukua kitana kutoka mkononi mwa Shamira, akakiweka chini.

"Ungeniandika tu jina yangu vile iko," akasema. "Ungekuwa mjinga kidogo, ama ungekuwa mbaya kidogo, ungefanya kazi yako vile wanakulipa. Hiyo mashine ingenitoa mbele na nyuma. Wekoye angeenda nyumbani na aibu yake." Akafunika mafuta. "Lakini wewe ukanipenda."

"Nisamehe, Mama."

"Kesho nitatia hiyo sahihi."

"Usitie. Cherono amesema sheria..."

"Sheria haitaketi na mimi kwenye benchi. Nitatia. Shamba wachukue. Derrick nimetoka naye Webuye tumboni nikamlea kwa Chwele miaka thelathini bila yeye kujua anatoka wapi. Sitaki aambiwe na Wekoye kortini kama mtu anaambiwa bei ya ng'ombe. Nitamwambia mimi, siku yangu, na maneno yangu. Hiyo tu ndiyo imebaki, Zaitun. Hiyo usiniharibie."

"Sitamwambia."

"Apa."

"Wallahi, Mama. Mdomo wangu hautafunguka."

Kisha akamrudisha mtoto katikati ya magoti, akaanza mstari mwingine, na mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Derrick aliingia na harufu ya vitunguu na vumbi la barabara. Alikuwa mchangamfu. Aliuza vizuri njiani. Alimsalimu mama yake kwa kumshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mama, usijali ya kesho. Mimi nitasimama mbele ya hakimu niseme, huyu ni mama yangu, yule alikuwa baba yangu, mimi ni kijana wake wa pekee. Wekoye atasema nini hapo?"

"Keti kwanza ule," mama yake akasema.

"Nimebeba hata picha. Hii hapa. Mimi na yeye siku nimetoka jandoni. Ona tunavyofanana, hata masikio."

Akaitoa mfukoni, akaishusha chini kwa Shamira aione. Mtoto aliishika kwa mikono miwili, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Aliiangalia sana. Akamwangalia bibi yake. Akamwangalia baba yake, masikio yake, moja kisha jingine, bila haraka, kama anavyohesabu mistari.

"Baba, Kukhu amesema babu alikuchukua tu."